Joto Lisilo na Pa Kwenda

Tarehe 12 Agosti 2012, kinu cha pili cha mtambo wa nyuklia wa Millstone, katika jimbo la Connecticut nchini Marekani, kilizimwa. Hakukuwa na bomba lililopasuka wala mfanyakazi aliyekosea. Mtambo huo uko ufukweni, na maji ya Long Island Sound, mkono wa bahari ya Atlantiki, ndiyo yanayoupoza. Leseni yake iliruhusu kazi iendelee mradi maji yanayoingia yasizidi nyuzi 75 za Farenhaiti, yaani karibu 24 za sentigredi. Kiangazi kile yalizidi. Mvuvi wa Tanga, aliyezoea bahari ya nyuzi 28 au 29, angeyaita maji hayo baridi, lakini kanuni ni kanuni, na kinu kilikaa kimya kwa siku kumi na kitu hadi bahari ilipopoa. Miaka miwili baadaye wasimamizi wa nyuklia walikubali kikomo kipandishwe hadi nyuzi 80 za Farenhaiti. Bahari haikupozwa, kilichobadilishwa ni karatasi.

Tunapotaja mtambo wa umeme, mawazo huenda kwenye moto: tanuri, boila, urani, gesi inayowaka. Nusu ya pili ya kazi haina sifa wala picha. Katika mtambo wa nyuklia, kiasi cha theluthi moja tu ya joto hugeuka kuwa umeme. Theluthi mbili zinazobaki sharti zitolewe nje, kila sekunde, usiku na mchana. Mtambo unaopeleka megawati 1,000 kwenye gridi unatupa megawati 2,000 hivi za joto mahali fulani. Ukikosa pa kulitupa, unasimama.

Kwa hiyo historia ya kufua umeme ni pia historia ya kutafuta jalala la joto. Kwa zaidi ya miaka 200 wahandisi wamekuwa wakiuliza swali la mahali: tulitupe mtoni, baharini, au hewani? Swali la wakati lilichelewa kuulizwa. Kwa nini joto litupwe sasa hivi, saa nane mchana, jua likiwa limesimama, na si saa tisa za usiku hewa ikiwa imepoa? Ajabu ni kwamba wapo watu waliokuwa wamelijibu swali hilo karne nyingi kabla umeme haujajulikana, na hawakuwa wahandisi.

Upande wa mahali unaanzia Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskoti, katika miaka ya 1760. Profesa mmoja aliyefundisha kemia, Joseph Black, alikuwa akiyeyusha barafu na kuchemsha maji, saa na kipimajoto vikiwa mkononi. Aliona jambo ambalo kila mpishi alikuwa nalo mbele ya macho yake bila kulitilia maanani: barafu inayoyeyuka hunywa joto jingi, na wakati huo wote kipimajoto hakipandi hata uzi mmoja. Maji yanayochemka nayo ni hivyo hivyo. Black aliliita joto fiche. Kwa vipimo vya leo, kuyeyusha kilo moja ya barafu kunahitaji kilojuli 334, joto ambalo lingetosha kuyapandisha maji ya kilo hiyo hiyo kutoka sifuri hadi nyuzi 80. Mvuke ni mzigo mzito zaidi: kilo moja ikirudi kuwa maji huachia zaidi ya kilojuli 2,000.

Chuoni hapo hapo alikuwapo fundi wa vyombo vya sayansi, James Watt. Katika majira ya baridi ya 1763 kuelekea 1764 alipewa mfano mdogo wa injini ya Newcomen autengeneze. Injini za aina hiyo zilikuwa zikivuta maji migodini Uingereza tangu 1712, na zilikuwa na ulafi wa makaa ya mawe usio na kifani. Mvuke ulijazwa kwenye silinda, kisha maji baridi yakarushwa ndani ya silinda ile ile. Mvuke ulipogeuka kuwa maji uliacha ombwe, na mgandamizo wa hewa ya nje ukaisukuma pistoni chini. Kisha silinda iliyokuwa imepozwa ilibidi ipashwe moto upya kwa mvuke mwingine, ndipo kazi ianze tena. Watt aliona kwamba sehemu kubwa ya mvuke ilikuwa ikiishia kupasha chuma.

Jawabu lilimjia mwaka 1765, Jumapili moja, akitembea katika uwanja wa Glasgow Green. Silinda ibaki na moto wake daima. Mvuke uliokwisha kufanya kazi upelekwe kwenye chombo kingine kinachobaki baridi daima. Chombo hicho ndicho kondensa. Hataza ilitolewa mwaka 1769. Vitabu vya shule husema Watt alivumbua injini ya mvuke. Hakuivumbua. Alichoipa injini ni upande wake wa baridi, na upande huo peke yake ulitosha kupunguza makaa yaliyotumika kwa zaidi ya nusu.

Nadharia ilikuja baadaye. Mwaka 1824 Mfaransa Sadi Carnot, mwenye umri wa miaka 28, alichapisha kitabu kidogo kuhusu nguvu ya moto. Hoja yake ilikuwa kwamba joto peke yake halifanyi kazi. Kazi hupatikana joto linapotoka palipo na moto kwenda palipo na baridi, na kadiri tofauti ya sehemu hizo mbili inavyokuwa kubwa ndivyo kazi inavyoongezeka. Wachache walikisoma. Carnot alikufa kwa kipindupindu mwaka 1832, kabla kitabu chake hakijathaminiwa. Wahandisi wa mitambo ya umeme wamekuwa chini ya sheria hiyo tangu siku ya kwanza: kila uzi mmoja wa ujoto unaoongezeka kwenye kondensa unadhoofisha ombwe lililo nyuma ya turbini, na umeme unapungua ilhali kuni ni zile zile.

Mwanzoni mahali pa kutupia joto palikuwa wazi: mto. Vituo vya umeme vya London vilipangana kando ya Thames kwa sababu mbili. Makaa yaliletwa kwa meli, na maji yalikuwa mlangoni. Kila mji wenye mto ulifanya hivyo hivyo, na miji ya pwani ikaitumia bahari. Tatizo liliwapata waliokuwa na makaa bila maji ya kutosha, na mmoja wao alikuwa Frederik van Iterson, mkurugenzi wa migodi ya serikali ya Uholanzi. Pamoja na mhandisi Gerard Kuypers alisanifu mnara wa zege wenye kiuno chembamba, mpana chini, unaofunguka kidogo juu. Wa kwanza ulijengwa mwaka 1918 kwenye mgodi wa Emma, karibu na Heerlen. Maji ya moto hunyunyiziwa ndani, hewa hupanda yenyewe bila feni, sehemu ndogo ya maji hugeuka mvuke na kuondoka na joto, na yaliyobaki hurudi kondensa yakiwa yamepoa. Umbo hilo likaenea duniani kote, hata leo wengi hulidhania kuwa ndicho kinu cha nyuklia chenyewe, ilhali linalotoka juu yake ni wingu la maji tu.

Zege lile jembamba lilikuwa na hesabu zake. Tarehe 1 Novemba 1965, upepo mkali uliangusha minara mitatu kati ya minane ya Ferrybridge, kaskazini mwa Uingereza. Ilikuwa imepangwa karibu karibu kiasi kwamba ile ya mbele iliuelekeza upepo kwa nguvu kwenye ile ya nyuma. Wasanifu walijifunza, minara ikaongezwa unene.

Lakini mnara hunywa maji. Na maji ndiyo yaliyokuja kuwa kikwazo kikubwa kuliko upepo. Takwimu za Marekani za mwanzoni mwa karne hii zinaonyesha kuwa mitambo ya umeme ilikuwa ikichota kiasi cha asilimia 40 ya maji yasiyo na chumvi yaliyochotwa nchini humo kwa kazi zote. Mengi hurudishwa mtoni, ila yanarudi yakiwa na moto. Kiangazi cha 2003 Ufaransa iliungua kwa joto lililoua maelfu ya wazee, na vinu vya nyuklia vya kandokando ya Rhône na Garonne vikabaki kati ya mambo mawili mabaya: kupunguza umeme wakati watu wanauhitaji, au kumwaga maji ya moto kwenye mito ambayo samaki wake walikuwa tayari wanataabika. Serikali ilitoa vibali maalumu vya kumwaga.

Mhungaria László Heller alikuwa ameshaonyesha njia nyingine katika miaka ya 1950: acha maji kabisa, poza kwa hewa kavu. Uingereza ilijaribu kwa kiwango kikubwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 huko Rugeley, kwenye mtambo mmoja wa megawati 120. Waliolichukulia wazo hilo kwa uzito ni Afrika Kusini, maana makaa yao yako nyanda kavu. Kituo cha Matimba, Limpopo, chenye uwezo wa karibu megawati 4,000, hakina minara ya maji. Mvuke unaotoka kwenye turbini unapitishwa ndani ya mabomba yenye mapezi membamba, na mamia ya feni, kila moja yenye kipenyo cha karibu mita tisa, hupuliza hewa kutoka chini. Fundi yeyote wa gereji angekitambua kifaa hicho mara moja: ni rejeta, ila yenye ukubwa wa viwanja kadhaa vya mpira. Kwa kila uniti moja ya umeme Matimba hutumia takriban lita 0.1 ya maji, ilhali kituo chenye minara ya kawaida hapo Afrika Kusini hutumia karibu lita mbili.

Hapo ndipo penye gharama. Mnara wa maji hufuata ujoto wa kipimajoto kilicholowa maji, ambao hata mchana wa jua kali huwa chini ya ule wa hewa. Rejeta hufuata ujoto wa hewa yenyewe. Hewa ikiwa nyuzi 40, hakuna namna mvuke utapoa chini ya hapo. Utabaki nyuzi 55 au 60, ombwe litalegea, na umeme utapungua kwa asilimia kumi au zaidi. Upunguaji huo huja saa zile zile ambazo viyoyozi vyote vya mji vinanguruma. Upepo ukigeuka na kuirudisha hewa ya moto chini ya feni, mambo huwa mabaya zaidi, na Matimba imewahi kupoteza umeme kwa sababu hiyo. Afrika Mashariki nayo ina mfano wake, Olkaria III karibu na Naivasha, mtambo wa jotoardhi unaopozwa kwa hewa. Visima vyake vinatoa joto lile lile saa zote, lakini feni zake hupata kazi rahisi alfajiri, wakati watu wa Naivasha wamejifunika blanketi, kuliko saa nane za mchana.

Alfajiri na mchana: tofauti ya nyuzi 15, pengine 20 katika nchi kavu. Baridi ya bure inakuja kila usiku na kupotea kila asubuhi.

Waajemi hawakuiacha ipotee. Meybod, Abarkuh na Kerman, miji ya jangwani katikati ya Iran, bado ina majengo ya udongo yaitwayo yakhchal. Kuba refu kama pia iliyopinduliwa limejengwa juu ya shimo, kuta zake nene zikiwa zimekandikwa kwa lipu ya chokaa, udongo na majivu. Pembeni kuna ukuta mrefu unaotupa kivuli, na chini ya kivuli hicho vidimbwi vya maji yenye kina kidogo. Usiku wa baridi usio na mawingu, vidimbwi hivyo viliganda. Kabla jua halijapanda, watu walivunja barafu na kuishusha shimoni, safu juu ya safu, hadi kiangazi. Maji hayo yaliweza kuganda hata hewa ilipokuwa haijafika sifuri, kwa sababu anga tupu la usiku ni baridi kuliko hewa: joto la maji huangaza kwenda juu, hupenya angahewa na kupotelea mbali. Wajenzi hawakuwa na fizikia ya kulieleza jambo hilo. Walikuwa na uzoefu, na ulitosha.

Upande wa pili wa dunia, biashara ya baridi iliyohifadhiwa ilimtajirisha Frederic Tudor wa Boston, baada ya kumfilisi kwanza. Mwaka 1806 alipeleka shehena ya barafu ya maziwa ya Massachusetts hadi kisiwa cha Martinique, akapata hasara na kuchekwa na watu. Mwaka 1833 meli Tuscany ilimpakilia tani 180 kwenda Calcutta; baada ya safari ya miezi minne, ikivuka ikweta mara mbili, kiasi cha tani 100 zilikuwa bado barafu. Siri ilikuwa joto fiche la Black pamoja na unga wa mbao. Barafu hung'ang'ania, kwa sababu kila kilo inadai kilojuli zake 334 kabla ya kukubali kuwa maji. Mashine za amonia, alizoziboresha Carl von Linde katika miaka ya 1870, zilikuja kuiua biashara hiyo, na kwa muda mrefu hakuna aliyeona sababu ya kuweka akiba ya baridi ikiwa inaweza kutengenezwa kila inapohitajika.

Sababu ilirudi na turbini za gesi. Turbini ya gesi haina kondensa. Hufyonza hewa, huibana, huichoma na gesi, na hutoa umeme. Uwezo wake hupimwa kwa hewa ya nyuzi 15. Hewa ikipata moto hupungua uzito, na turbini hufyonza ujazo ule ule wenye hewa kidogo ndani yake. Kwa kila uzi mmoja unaoongezeka hupotea kati ya nusu asilimia na asilimia moja ya umeme. Turbini za Kinyerezi, Dar es Salaam, kwenye hewa ya nyuzi 32, haziwezi kutoa kile kilichoandikwa kwenye kibao cha kiwanda. Riyadh, kwenye nyuzi 45 au zaidi, hasara huwa robo nzima au karibu na hapo. Kuipoza hewa kabla haijaingia ni jambo linaloeleweka, lakini mashine za kuipoza nazo zinakula umeme, na zingeula saa ile ile ya uhaba.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, shirika la umeme la mji wa Lincoln, Nebraska, lilifanya kile ambacho mzee wa Meybod angekielewa bila mkalimani. Mashine zilitengeneza barafu usiku, umeme ukiwa rahisi na hewa ikiwa imepoa, zikairundika tangini. Mchana wa joto, maji ya barafu hiyo yalipitishwa mbele ya mdomo wa turbini. Megawati ziliongezeka bila turbini mpya kununuliwa.

Wengine waliona barafu ni usumbufu, wakachagua maji baridi matupu. Hapo asili ilitoa msaada ambao mhandisi asingeweza kuubuni. Maji huwa mazito kabisa yakiwa nyuzi 4. Tangi kubwa likijazwa maji ya nyuzi 4 au 5 kutoka chini polepole, na maji ya vuguvugu yakarudishwa juu, hayachanganyiki. Baridi inakaa chini, vuguvugu linaelea, na kati yao kuna tabaka jembamba tu. Tangi moja linafanya kazi ya mawili, bila ukuta wa kati wala pampu za ziada. Saudi Arabia, ambako zaidi ya nusu ya umeme wa majumbani huenda kwenye viyoyozi, imejenga matangi ya aina hii huko Riyadh, mamilioni ya lita yakipozwa usiku ili turbini zipumue hewa ya baridi saa za adhuhuri. Mfumo huu una mantiki ya kuchekesha kidogo: kiyoyozi kikubwa kinapoza mtambo ili mtambo uweze kulisha viyoyozi vidogo.

Nchi za baridi zilikuwa zimelishika jambo hili kwa ncha yake ya pili. Kwao joto linalotupwa si takataka. Mwaka 1950, mtaa wa Pimlico, London, ulianza kupashwa moto kwa joto la kituo cha Battersea, kilichokuwa ng'ambo ya Thames. Mabomba yalipita chini ya mto. Lakini kituo kilifua umeme kwa ratiba ya umeme, na wapangaji wa nyumba za Churchill Gardens walioga kwa ratiba yao wenyewe, hasa asubuhi kabla ya kazi. Ratiba hizo mbili zilipatanishwa na mnara wa kioo wenye urefu wa mita 41, ambao ndani yake kuna tangi la maji ya moto, mita za ujazo 2,500. Usiku tangi lilijaa, asubuhi likatolewa. Kwa jicho la mhandisi wa Battersea, familia zile za Pimlico zilikuwa sehemu ya kondensa yake, na tangi lilimruhusu azitumie hata zilipokuwa zimelala. Battersea ilizimwa mwaka 1983. Tangi bado linafanya kazi, likilishwa na boila nyingine.

Denmark ilifika mbali zaidi. Baada ya mafuta kupanda bei mwaka 1973, na sheria ya joto ya mwaka 1979, vituo vya umeme viliunganishwa na miji kwa mabomba, na karibu kila kituo kikajengewa tangi lake. Yeyote anayesafiri vijijini humo huyaona, mapipa marefu ya chuma pembeni mwa mji, hayana moshi wala kelele.

Wenye jangwa na wasio na mtu wa kumpa joto walibaki na tatizo lao. Mwaka 2015 wizara ya nishati ya Marekani, kupitia shirika lake la utafiti wa mambo magumu, ARPA-E, ilianzisha mpango ulioitwa ARID na kugawa takriban dola milioni 30 kwa miradi 14. Masharti yalikuwa makali: mtambo upozwe bila kupoteza tone la maji, bila kupoteza ufanisi, na bei ya umeme isipande kwa zaidi ya asilimia 5. Watafiti kadhaa waliliendea tatizo kwa wakati badala ya mahali. Baadhi yao walitaka vitu vinavyoyeyuka kwenye ujoto wa kawaida, kama chumvi ya kalsiamu kloridi yenye maji ndani yake, inayoyeyuka karibu nyuzi 29. Mchana ingeyeyuka na kunywa joto la mtambo. Usiku hewa baridi ingeigandisha upya. Yaani barafu ya Black, ila barafu inayofaa nchi ya joto.

Kundi la Chuo Kikuu cha Colorado, Boulder, lilikwenda moja kwa moja angani. Mwaka 2014 watafiti wa Stanford, akiwemo Aaswath Raman, walikuwa wameonyesha kioo maalumu kilichobaki nyuzi tano chini ya hewa huku kikiwa juani mchana, kwa kuangaza joto lake kwenye masafa ambayo angahewa huyapitisha. Wale wa Boulder wakaja na filamu nyembamba ya plastiki yenye punje za kioo ndani, inayoweza kutengenezwa kwa majora kama ya kitambaa, na mwaka 2017 walitangaza kuwa inaondoa wati 93 kwa kila mita ya mraba hata adhuhuri. Mpango wao ulikuwa kupoza maji kwa filamu hiyo usiku na mchana, kuyaweka tangini, na kuyatoa saa ya joto kali.

Hesabu ya haraka inapunguza shangwe. Megawati 1,000 za joto, kwa wati 93 kila mita ya mraba, zinahitaji karibu kilomita za mraba 11 za filamu, ambazo ni kama Mji Mkongwe wa Zanzibar mara 11. Ndiyo maana tangi ni la lazima. Filamu haiwezi kuubeba mtambo mzima saa zote. Inaweza kukusanya kidogo kidogo na kusaidia saa chache mbaya zaidi za mwaka, ambazo pia ndizo saa ambazo umeme una bei kubwa kuliko zote. Mitambo mingi haijanunua hata hilo. Gesi ya Marekani ilikuwa rahisi, ardhi na matangi ni ghali, na meneja wa kituo akilinganisha gharama ya tangi na hasara ya alasiri thelathini kwa mwaka, mara nyingi huvumilia alasiri hizo.

Mtambo uliopata baridi ya usiku pasipo kuitafuta uko Morocco. Ouarzazate, kusini mwa milima ya Atlasi, iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Mchana jua ni kali, usiku watu huvaa majoho mazito. Kituo cha kwanza cha jua cha hapo, Noor I, kilichofunguliwa mwaka 2016, kilipozwa kwa maji ya bwawa la Mansour Eddahbi, na lawama zikaja haraka kutoka kwa wakulima na wanamazingira. Noor II na Noor III, zilizofuata mwaka 2018, zikajengwa na rejeta kavu. Zote zina matangi ya chumvi ya naitreti iliyoyeyushwa. Katika Noor III, ambako vioo vinaelekeza jua juu ya mnara, chumvi hufika nyuzi 565. Akiba inatosha saa saba hivi za kazi baada ya jua kuzama.

Waliopanga mradi walitaka matangi hayo kwa sababu Wamorocco hutumia umeme mwingi jioni. Lakini saa hizo hizo za jioni na usiku hewa ya Ouarzazate huwa imeshuka, na feni zile zile zilizokuwa zikihangaika saa tisa mchana zinapata ombwe zuri bila jitihada. Baridi haikuhifadhiwa hata kidogo. Kilichohifadhiwa ni moto, na kazi yenyewe ndiyo iliyosogezwa kwenda palipo na baridi.

Chumvi ya nyuzi 565 si mzigo mwepesi. Sakafu ya tangi hutanuka na kusinyaa kila linapojazwa na kutolewa, na viungio vya chuma huchoka. Mtambo wa Crescent Dunes, katika jangwa la Nevada, ulisimama tangu mwishoni mwa 2016 hadi katikati ya 2017 kwa sababu tangi lake la moto lilivuja. Mwaka 2024 ikawa zamu ya Noor III: chumvi ilipenya, mtambo ukazimwa, na ukakaa miezi mingi bila kutoa umeme, vioo vyake vikiwa vizima na rejeta yake haina kasoro.